Pikipiki ya shamba imegoma kuwaka? Anzia hapa kabla hujamwita fundi

Najua mnasubiri sehemu ya pili ya somo la kantangaze kwenye nyanya. Inakuja. Ila wiki hii kuna jambo limetokea huku Ilula nikaona niliwahi kwanza.

Saa kumi na moja alfajiri simu inaita. "Shikamoo bwana shamba, samahani kwa kukuamsha. Pikipiki imegoma, na gari la mnunuzi linaondoka saa mbili." Kijana ana matenga sita ya nyanya zimeshaiva, ziko shambani, kilomita 4 kutoka barabarani. Bodaboda anayembebea siku zote amefiwa, kasafiri. Imebaki pikipiki yake ya zamani, sisi 125 ya kabureta, ambayo ililala bandani miezi miwili. Ameipiga kiki mpaka mguu unauma.

Mimi somo hili nililipia. Miaka ya nyuma pikipiki niliyokuwa naendea kazini iligoma hivyohivyo. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi, kisha koili, kisha CDI. Haikuwaka. Fundi mwingine akafungua kabureta, akakuta kitundu kidogo cha mafuta kimeziba. Vile vitu vitatu nilivyonunua havikuwa na kosa, na hela ilikuwa imeshakwenda.

Injini ya petroli inataka mafuta yaliyochanganyika na hewa, cheche, na mgandamizo. Kazi yako ni kujua kipi kimekosekana, sio kubahatisha kwa kununua vipuri.

Anza na vya aibu. Ile swichi nyekundu ya kuzimia pale kwenye usukani, ipo sehemu yake? Usicheke, nimeshasukuma pikipiki karibu kilomita nzima kwa sababu ya swichi hiyo. Koki ya mafuta imefunguliwa? Mafuta yakiwa kidogo, iweke rizevu. Fungua mfuniko wa tenki kisha ujaribu tena. Katundu ka hewa kwenye mfuniko kakiziba vumbi, mafuta hayashuki.

Bado? Piga kiki kama mara kumi ukiwa umevuta choki, halafu toa plagi. Hapa ndipo pa kutulia, maana plagi ni shahidi asiyedanganya. Ikitoka kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika, ila cheche hakuna au injini imekunywa kupita kiasi. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, mafuta yanazidi hewa, kaangalie chujio la hewa. Pikipiki za shamba chujio hujaa vumbi haraka sana. Ikiwa na oili nzito, oili inapenya kutoka ndani, na hiyo ni kazi ya fundi kweli.

Plagi ikiwa bado mkononi, ifute, irudishe kwenye kofia ya waya wake, gusisha chuma chake na chuma cha injini, mbali na tundu ilikotoka. Shika kofia, usishike chuma, utapigwa shoti. Piga kiki. Cheche ya bluu inayolia ta-ta ni nzima. Ikiwa ya njano iliyofifia au haionekani, jaribu plagi mpya kwanza, maana ndiyo ya bei rahisi. Nafasi ya kwenye ncha mara nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Plagi mpya nayo ikikataa, ndipo uanze kufikiria waya, koili na CDI. Jaribio hili lifanyie nje, kabla hujamwaga petroli popote, na mwenye sigara asogee mbali.

Kwa mgandamizo, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba na mtu apige kiki. Kidole kisukumwe kwa nguvu. Kikikaa tu, shida ni valvu au ringi, usihangaike zaidi.

Kijana wangu plagi ilitoka kavu, cheche ya bluu ipo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, acha umeme, shuka kwenye kabureta." Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia mafuta. Kinga kikopo, ilegeze. Yalitoka matone machache, ya njano iliyokolea, yananuka kama rangi ya mbao. Petroli ikilala muda mrefu huacha utando unaoganda. (Ukiona matone yanajikusanya chini ya petroli kama shanga, hayo ni maji. Petroli ya chupa za barabarani ina vituko hivyo.)

Akafunga koki, akafungua bakuli, akatoa jeti ndogo, akaipuliza kwa pampu ya baiskeli, akapitisha uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Msitumie sindano, inapanua tundu. Akamwaga mafuta ya zamani, akaweka mapya lita moja. Saa moja na dakika kumi nikasikia mlio kwenye simu.

Alipiga safari mbili, matenga manne yakawahi gari. Mawili yalibaki, akayauza gulioni kwa bei ya kutupa.

Pampu ya maji ya petroli unaipima kwa njia hizihizi. Na kama chombo kitalala zaidi ya mwezi, funga koki ukiwa umekiwasha, kiache kiungurume mpaka kizimike chenyewe, bakuli linabaki tupu. Kijana ameshaifanyia hivyo pampu yake. Pikipiki hapana, anasema hiyo hailali tena.