Walter Bersey na Magari ya Umeme

Mwaka 1897 njia za mji wa London zilijaa magari ya kukodi yaliyovutwa na farasi. Mwezi wa Agosti mwaka huo watu waliona jambo geni: magari ya kukodi yaliyokwenda bila farasi na bila moshi. Aliyeyabuni ni fundi Mwingereza, Walter Bersey, naye alikuwa hajatimiza miaka 25.

Ndani ya kila gari zilitiwa betri zenye vibao vya risasi. Umeme wa betri uliendesha mota, nayo mota ikazungusha magurudumu. Gari lilikwenda kama maili 9 kwa saa, na betri zikijaa liliweza kwenda maili 30 hivi. Bersey alifahamu ya kuwa mwenye gari hapati faida gari likisimama saa nyingi kungoja umeme. Kwa hiyo betri tupu zilitolewa zote pamoja kwa mashine ya kuinulia mizigo, zikatiwa nyingine zilizojaa, kwa dakika chache tu.

Magari yale yalikuwa ya rangi nyeusi na manjano, tena yalivuma yakienda. Basi watu wakayaita ndege wavumaji.

Lakini shida zilikuja. Kila gari lilikuwa na uzito wa tani 2 hivi, hata mipira ya magurudumu ikalika upesi. Mitikisiko ya njia iliharibu betri, na gharama ya matengenezo ikazidi. Mwaka 1899 magari yakaondolewa njiani.

Je, kazi ya Bersey ilikuwa bure? Sivyo. Shauri lake lilikuwa jema, ila betri za siku zile zilikuwa nzito na dhaifu. Mafundi wa baadaye walipopata betri bora, walilirudia shauri lile lile. Tangu mwaka 2018 kila teksi mpya ya London imetakiwa iweze kwenda bila kutoa moshi, walau kwa sehemu ya safari zake.

Wahenga walisema: Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kazi yako ikishindwa, tafuta kwanza ni kitu gani kilichoshindwa, shauri lako au chombo chako.

Maswali
1. Kwa nini betri zilibadilishwa badala ya kujazwa garini?
2. Ni nini kilichoharibu mipira, na ni nini kilichoharibu betri?
3. Eleza maana ya methali iliyotajwa.