KILIMIA NA NYOTA IBADILIKAYO

Wakulima wa Bariadi, Maswa na Meatu wanakijua Kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizosongamana. Jina lake latokana na kulima. Mwezi wa Novemba, jua likiisha kutua, Kilimia huchomoza mashariki, nasi hutazamia mvua za kupandia. Mwezi wa Mei huzama magharibi pamoja na jua kisionekane, na mwezi wa Juni hutokea tena alfajiri, wakati wa kiangazi.

Mwenye macho mazuri huhesabu nyota sita au saba. Galileo wa Italia, aliyekitazama kwa darubini, alichora nyota 36 katika kitabu chake cha mwaka 1610. Na sasa wataalamu wamehesabu zaidi ya 1,000. Nyota hizo zilizaliwa katika wingu moja la hewa na vumbi, nazo husafiri pamoja kama watu wa ukoo mmoja. Nuru yake hutumia yapata miaka 440 kutufikia. Basi tuionayo usiku huu iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593.

Karibu na Kilimia iko nyota ya ajabu nyingine. Mwishoni mwa Desemba, saa nne ya usiku, elekeeni kaskazini. Chini ya Kilimia, kushoto kidogo, mtaiona nyota ambayo Waarabu waliiita kichwa cha zimwi. Wazungu huiita Algol. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 nuru yake hupungua kwa muda wa saa 5 hivi hata ibaki kama theluthi, kisha hurudi kwa saa 5 nyingine. John Goodricke, kijana kiziwi wa Uingereza, alitangaza hesabu ya mabadiliko hayo mwaka 1783. Sababu yake ni kwamba nyota mbili huzungukana, na ile hafifu hupita mbele ya ile yenye kung'aa, ikaifunika sehemu. Si zimwi, wala si dalili ya kifo au njaa.

Kilimia nacho hakileti mvua. Huchomoza kwa wakati wake mwaka wa neema na mwaka wa ukame vilevile. Anayetia mbegu zake zote ardhini kwa kuwa nyota imetokea, mvua zikakawia, atapoteza mbegu na ghala lake litakuwa tupu. Kilimia humwambia mkulima atayarishe shamba. Udongo uliolowa vema ndio umwambiao apande mtama na mahindi yake.

Twawasihi waalimu wawape wanafunzi kazi hii: kila usiku usio na mawingu wailinganishe Algol na Mirfak, nyota iliyo chini yake, kulia kidogo, ambayo nuru yake haipungui hivyo, na kuandika daftarini siku, saa na waliyoyaona. Baada ya majuma machache watajua wenyewe, bila kuambiwa na mtu, ya kuwa nyota hufuata hesabu.