Njaa na Njia: Kupanga Mlo na Usafiri katika Ziara ya Kwanza ya Wanafunzi wa Kiswahili kutoka Nchi ya Chai hadi Pwani

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinavyoweza kupanga chakula na usafiri wa ziara ya kwanza ya wanachama wake hadi Pwani ya Kenya. Mfano wetu ni wanafunzi wa Kericho na Bomet, ambao wengi wao wamelelewa katika familia za wakulima wadogo na vibarua wa majani chai. Tunashikilia kuwa mlo na usafiri si mambo ya pembeni ya ziara. Hayo ndiyo darasa lenyewe la lugha, na ndiyo yanayoamua nani atasoma katika darasa hilo na nani ataachwa nje.

1.0 Utangulizi

Katika nchi tajiri, familia inayozuru kwa mara ya kwanza bustani kubwa za burudani, kama vile Walt Disney World iliyofunguliwa mwaka 1971 katika jimbo la Florida nchini Marekani, huanza kupanga milo na usafiri miezi kadhaa kabla ya kuondoka. Huamua itakula wapi siku gani, na itatoka mahali pa kulala hadi penye michezo kwa chombo gani. Kwetu sisi wa bara, safari inayokaribiana na hiyo kwa hamu na kwa gharama ni ile ya kwenda Mombasa kwa mara ya kwanza: kuiona bahari, kuingia ngome ya Fort Jesus iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na kuzuru Bustani ya Haller kule Bamburi, ambako machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji yaligeuzwa msitu wenye viboko, twiga na kobe wakubwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kufunga safari hiyo. Yeye husoma kuhusu dau, mnazi, mkeka na mofa miaka mingi kabla ya kuviona. Wakati huohuo, sehemu kubwa ya majani yanayochumwa na wazazi wake hupelekwa katika mnada wa chai wa Mombasa, mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Ni dhahiri basi kuwa majani chai yanaijua njia ya Pwani kuliko watoto wa wanaoyachuma.

Vyama vyetu hujitahidi kuziba pengo hilo kwa kuandaa ziara za kimasomo. Hata hivyo, mipango mingi hushughulikia mahali pa kuzuru na kusahau tumbo na miguu ya mzuru. Makala haya yananuia kuonyesha hasara ya usahaulifu huo na kupendekeza utaratibu mbadala.

2.0 Ziara Iliyotufunza

Mwaka 2019, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha Kiswahili. Tulipanga ziara ya siku nne mjini Mombasa. Tulilipia basi, malazi na viingilio. Kuhusu chakula, niliandika mstari mmoja tu katika tangazo: kila mwanachama ajigharimie mlo wake. Niliuona mstari huo kuwa wa haki, kwa kuwa ulimhusu kila mtu sawasawa.

Siku ya pili, tulipofika Mji wa Kale, kundi lilitawanyika kwenye vibanda vya viazi karai na mishkaki. Mwenzetu mmoja, binti wa mchuma chai, alibaki ndani ya basi. Alisema ameshiba. Jioni alisema kichwa kinamuuma. Siku ya tatu alisema hajazoea samaki. Sote tulimwamini, kwa sababu kumwamini hakukutugharimu chochote.

Majuma mawili baadaye, nilipokuwa nikikusanya ripoti za ziara, niliona kuwa yake ilikuwa fupi kuliko zote. Ilitaja mwaka wa kujengwa kwa ngome, unene wa kuta zake na idadi ya mizinga. Haikuwa na neno hata moja lililotoka kinywani mwa mwenyeji. Nilipomuuliza sababu, ndipo aliponieleza kuwa alikuwa na shilingi 300 tu, na alihofia kuzitumia kabla hajafika nyumbani.

Kosa hilo lilikuwa langu. Yaliyokuwa katika ripoti yake angeweza kuyapata maktabani bila kuondoka Kericho. Wenzake walikuwa wamerudi na mengine: namna muuzaji anavyomkaribisha mteja, tofauti ya kaimati na mahamri, na kisa cha mama mmoja aliyetuita kwa kusema "ndooni", tukadhani anataka tumletee ndoo za maji, kumbe anatuambia njooni.

3.0 Kupanga Usafiri

3.1 Njia na Saa

Kutoka Kericho hadi Nairobi, kupitia Nakuru, ni takriban kilomita 260. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni takriban kilomita 480. Wanaotoka Bomet hupitia Narok na Mai Mahiu. Kwa vyovyote vile, safari nzima kwa basi huzidi saa 12. Ikumbukwe kuwa sheria ya trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la abiria kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Kwa hivyo, chama kinachokodi basi la moja kwa moja hakina budi kudai madereva wawili, au kulala njiani.

Jambo hili si la kujadiliwa kwa wepesi na watu wa kwetu. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, likawaua zaidi ya watu 50, wakiwemo wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Wanaopitia Salgaa na Sachangwan wanaijua historia ya barabara hiyo. Kamati inayopunguza gharama kwa kusafiri usiku kucha na dereva mmoja inaweka rehani maisha ya wanachama wake.

3.2 Basi au Treni?

Tangu tarehe 31 Mei 2017, treni ya Madaraka Express imeziunganisha Nairobi na Mombasa kwa safari ya saa tano hadi sita hivi. Nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ilikuwa shilingi 1,000 kabla ya kupandishwa hadi 1,500 mwezi Januari 2024. Kwa chama kinachotoka nchi ya chai, mpango unaofaa ni basi kutoka Kericho alfajiri hadi kituo cha Syokimau, kisha treni ya alasiri.

Mpango huu una mambo matatu yanayohitaji uangalifu. Kwanza, mizigo hukaguliwa kabla ya kupanda, na abiria hutakiwa kuwa na kitambulisho, hivyo ni vyema kufika mapema. Pili, tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, ilhali sisi huhesabu saa zetu kuanzia macheo na machweo. Saa 15:00 ya tiketi ni saa tisa alasiri, na 22:00 ni saa nne usiku. Ratiba ya chama iandikwe kwa mitindo yote miwili ili asiwepo wa kuachwa. Tatu, kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa, na treni ya alasiri hufika usiku. Gari la kuwapokea wageni liagizwe kabla ya siku ya kuondoka.

3.3 Ndani ya Mji

Mjini Mombasa, matatu na tuktuk zitamfikisha mwanafunzi popote, na feri ya Likoni humvusha mwenda kwa miguu bila malipo. Tunapendekeza wanafunzi wagawanywe katika makundi ya watano, na kila kundi lipewe safari moja ya kujiendea lenyewe, kwa mfano kutoka Marikiti hadi Likoni na kurudi. Kujadiliana nauli na kuuliza njia ni mazoezi ya mazungumzo ambayo mhadhiri hawezi kuyaunda darasani. Basi la kukodi linalowabeba wanafunzi kutoka mlango hadi mlango huwanyima mazoezi hayo.

4.0 Kupanga Mlo

4.1 Hesabu ya Mlo

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa wanafunzi 40 katika ziara ya siku tano, mbili zikiwa za kwenda na kurudi. Milo mitatu kwa siku ni milo 600. Tukikadiria shilingi 200 kwa kila mlo, chakula kitagharimu shilingi 120,000. Treni ya kwenda na kurudi kwa wanafunzi hao itagharimu kiasi hichohicho, shilingi 120,000. Ulinganifu huu unadhihirisha kosa letu la mwaka 2019: tulikuwa tumemwachia kila mwanachama mzigo ambao chama kisingethubutu kumwachia kwa upande wa nauli.

Tukiongeza asilimia 10 kwa dharura, jumla ni shilingi 264,000, yaani 6,600 kwa kila mwanachama, bila kuhesabu malazi, viingilio na basi la Kericho hadi Nairobi. Kiasi hicho kikilipwa kwa miezi sita, ni shilingi 1,100 kwa mwezi.

Wakati wa kulipa nao una maana. Mkulima mdogo anayepeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, kama vile Litein na Momul upande wa Kericho, au Kapkoros na Mogogosiek upande wa Bomet, hupata malipo madogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Septemba au Oktoba. Kibarua wa mashamba makubwa hulipwa kwa kilo alizochuma, na mashine za kuchuma zimempunguzia kazi. Chama kinachodai fedha zote mwezi Mei kinamdai mzazi wakati hana. Michango ianze kidogokidogo, na awamu ya mwisho ingoje bonasi. Aidha, fedha zote zitiwe katika chungu kimoja, ili wakati wa kula asijulikane aliyelipa mapema na aliyesaidiwa.

4.2 Milo Inayosahaulika

Mlo unaosahaulika zaidi ni chajio cha siku ya kwanza. Wanafunzi hufika usiku wakiwa wamechoka, na hawajui duka lililo wazi. Mlo huo uagizwe mapema mahali pa malazi. Kwa chakula cha njiani, viazi vitamu, chapati na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani vitapunguza gharama.

Kalenda ya Kiislamu nayo izingatiwe. Mwezi wa Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Ziara ikiangukia mwezi huo, mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana. Hilo si sababu ya kuahirisha. Chama kikiratibu vizuri, wanafunzi watashuhudia futari, na watajifunza maneno kama daku na kufuturu yakiwa katika matumizi. Ila ni lazima wajue kabla, wasije wakazunguka na njaa au kula hadharani mbele ya waliofunga.

4.3 Mlo kama Darasa

Mwanafunzi wa Kericho amezoea kimyet, mursik na mboga ya mgagani, ambayo kwetu huitwa isagek. Kumpeleka Mombasa na kumnunulia chipsi siku zote tano ni kumrudisha nyumbani kabla hajaondoka. Tunapendekeza kila mlo upewe kazi ya lugha. Asubuhi, katika mahamri na mbaazi, wanafunzi waandike majina ya vyakula vya unga na namna vinavyopikwa. Mchana, katika wali wa nazi na samaki wa kupaka, wachunguze vitenzi vya jikoni: kukuna, kukamua, kupaka, kukaanga. Jioni, penye kahawa chungu na kashata, wasikilize mazungumzo ya wazee.

Hapo ndipo watakapogundua kuwa lahaja waliyoisoma katika vitabu vya isimu ipo hai. Baadhi ya maneno yenye sauti "nj" katika Kiswahili sanifu hutamkwa kwa "nd" katika Kimvita: njoo ni ndoo, njaa ni ndaa, njia ni ndia. Vilevile, mchele ni mtele. Mwanafunzi aliyeisikia sheria hiyo mezani hahitaji kuikariri kwa ajili ya mtihani.

Chai yenyewe ni somo. Huko Pwani, kunywa chai asubuhi ni kula chakula cha asubuhi, hata kama kilichotangulia ni mahamri. Chai ya rangi hutiwa iliki, tangawizi au mdalasini. Mtoto wa mchuma chai huenda akalionja jani la kwao kwa namna ambayo hajawahi kulionja.

5.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa mpango wa mlo na usafiri ni sehemu ya mtaala wa ziara. Usafiri mbaya huhatarisha maisha. Mlo usiopangwa humfungia mwanafunzi maskini ndani ya basi huku lugha aliyoifuata ikizungumzwa mita chache kutoka alipo. Tunapendekeza kila kamati ya ziara iteue mratibu wa mlo na mratibu wa usafiri, ambao ripoti zao zitasomwa kabla ya orodha ya mahali pa kuzuru kuidhinishwa.

Jambo la mwisho ni dogo. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila mwanafunzi wa kwetu abebe pakiti moja ya majani chai ya Kericho au Bomet, ampe mama atakayempikia. Na kabla ya basi kuondoka mahali popote penye chakula, kiongozi apande ndani na kuangalia kama kuna aliyebaki kitini. Akimkuta mtu anayesema ameshiba, amwombe ashuke wale pamoja.