Baba Aliyemleta Mtoto Wake

Somo: Marko 9:14-29. Lisome kwanza katika Biblia yako, kisha fuata maelezo haya.

Katika sharika zetu hakosekani mtoto mdogo ambaye tabia yake yawashinda wazazi wake. Hupiga wenzake, huuma, hujitupa chini na kulia hata akachoka, huitwa asiitike. Majirani husema kwamba hakufunzwa, na wengine hunong'ona juu ya laana na uchawi. Mama yake huanza kuketi karibu na mlango wa kanisa, kisha haji tena. Basi na tujifunze kwa baba yule wa Injili.

1. Baba hakumficha mtoto.

Mtoto yule alianguka mbele ya watu, akitokwa na povu na kusaga meno. Ingalikuwa rahisi kumfungia ndani kwa haya. Walakini baba yake alimleta mbele ya makutano. Na wanafunzi waliposhindwa, hakukata tamaa, bali alimwendea Bwana mwenyewe. Kutafuta msaada si aibu ya mzazi, ni kazi yake. Tena mlango wa kwanza usipofunguka, sharti apige hodi penginepo.

Angalieni pia wanafunzi na waandishi walikuwa wakifanya nini. Walikuwa wakibishana, na mtoto yu pale pale, hali yake ni ile ile. Ndivyo tufanyavyo sisi tunapotafuta kosa ni la nani. Katika Yohana 9 wanafunzi walitaka kujua ni kwa dhambi ya nani yule kipofu alizaliwa hivyo. Bwana hakumtwika dhambi hiyo kipofu wala wazazi wake.

2. Bwana aliuliza, naye baba akaeleza.

Yesu alimwuliza baba mambo hayo yalianza lini. Akajibu kwamba ni tangu utoto, akaeleza na jinsi mtoto alivyoangukia motoni na majini. Hata leo daktari huuliza swali lile lile, wala hapana awezaye kulijibu vema kuliko yeye akaaye na mtoto.

Kwa hiyo yafaa mzazi achukue daftari, na kwa muda wa majuma 2 aandike mambo matatu kila fujo itokeapo: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na watu walimtendea nini baadaye. Huenda akaona kwamba fujo huja saa ya njaa, au penye kelele nyingi, au kwamba ilianza ndugu yake alipozaliwa, au hufuata ugomvi wa wazazi. Mtoto asiye na maneno husema kwa mikono na meno yake.

Lakini ziko dalili zisizongojewa. Mtoto wa mwaka 1 asiyetamka silabi za kitoto wala kuonyesha kitu kwa mkono. Wa miezi 16 asiye na neno hata moja. Wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili. Mtoto wa umri wo wote aliyekuwa akisema, naye akaacha. Akodoaye macho ghafula kama asiyekuwapo, au aangukaye na kutetemeka: hao wapelekwe mapema zahanati au kliniki ya watoto, pamoja na kadi yao na daftari lile. Mzazi aombe masikio yapimwe, na ikihitajiwa, aombe rufaa ya hospitali kubwa. Sikio litokalo usaha laweza kumfanya mtoto aonekane mkaidi, kumbe hasikii. Malaria iliyofika ubongoni yaweza kuacha kifafa na tabia ngumu nyuma yake. Wengine wana hali iitwayo usonji. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo mwaka 1943. Baadaye madaktari wengi waliwalaumu akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao. Leo yajulikana kwamba malezi siyo asili ya usonji. Mama wangapi walilia bure!

3. Fimbo na maombi.

Amri ya nne yamwagiza mtoto awaheshimu wazazi. Lakini Waefeso 6:4 huwakataza akina baba kuwachokoza watoto wao. Kumpiga asiyesikia au asiyeelewa hakumfunzi utii, humfunza hofu. Inama, mtazame usoni, mwambie neno moja fupi. Akitenda jema, hata dogo, msifu papo hapo. Baba, mama na bibi wawe na sheria moja, na saa za kula na kulala zisibadilike.

Wengine watasema, "Yule wa Injili alikuwa na pepo." Ni kweli, lakini Mathayo 17 yamweleza mtoto huyo huyo kuwa mwenye kifafa. Haitupasi kumwita kila mtoto msumbufu mwenye pepo. Kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumpiga kwa jina la maombezi ni dhambi. Tuombe bila kukoma, tukimpeleka hospitali. Na mwenye kifafa asiachishwe dawa ghafula kwa kuwa ameombewa. Baba yule aliungama kwamba imani yake imechanganyika na mashaka, wala Bwana hakumfukuza.

Nanyi walimu wa dini, mtembeleeni mama aliyeacha kuja. Mmoja amshike mtoto nje wakati wa mahubiri. Mwingine achange nauli ya hospitali. Huko Irente karibu na Lushoto Kanisa lilianzisha shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Kwa hiyo tusiseme kwamba kazi hii si yetu.

Si kila mtoto atakayebadilika upesi. Lakini kumbukeni: tulimbatiza kabla hajajua kutulia. Mungu hakungoja tabia njema ndipo amwite mtoto wake. Mwisho wa habari Bwana alimshika mkono, akamwinua. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Maswali ya kujifunzia

1. Mabishano gani kwetu humwacha mtoto bila msaada?
2. Ni nani katika usharika wetu aliyeacha kuja kwa sababu ya mtoto wake? Nani atamwendea juma hili?
3. Kwa nini maombi na hospitali havipingani?