Maji ya Moto ya Kitagata

Huko Uganda, katika vilima vya Ankole, asubuhi kuna baridi. Lakini pale Kitagata mvuke unapanda juu ya maji. Nani amewasha moto? Hakuna! Maji ya mvua huzama chini sana, hupashwa na miamba yenye joto, kisha hurudi juu.

Chemchemi ni mbili. Moja huitwa Ekyomugabe, maana yake ya mfalme. Ya pili ni Mulago, kama ile hospitali kubwa ya Kampala, kwani wenye maumivu ya viungo hukaa humo wakitumaini nafuu.

Mwenye baridi hutamani kukimbilia pale maji yanapobubujika. Asithubutu! Joto laweza kufika digrii 80. Ngozi huungua mara moja. Hukaa mbali kidogo, hujaribu kwa mkono, ndipo huingia polepole.

Maulizo: Nini hupasha maji ya Kitagata? Mwogaji hufanya nini kwanza?