Mafuta Yatokanayo na Chachu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Mafuta tuliyoyazoea hutoka katika mbegu, matunda, wanyama na samaki. Lipo chimbuko jingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni chachu: viumbe vidogo vya seli moja ambavyo hamira ya kuumulia maandazi ni mmojawapo. Katika somo hili tunaeleza namna chachu inavyozalisha mafuta kutokana na mabaki ya viwandani. Tunaonyesha pia kwamba haitoshi mlaji kuuliza iwapo mabaki yametumika. Inampasa kujua ni mabaki gani, yalisafishwaje, na bidhaa imekusudiwa kwa kazi gani.

Namna chachu inavyotengeneza mafuta

Si kila chachu inafaa. Hamira ya mkate huhifadhi mafuta kidogo tu. Wataalamu huita chachu ya mafuta ile ambayo zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu ni mafuta, na baadhi zimefikishwa hadi kiasi cha asilimia 70. Miongoni mwa zinazojulikana sana ni Yarrowia lipolytica, Rhodotorula toruloides na Lipomyces starkeyi.

Chachu huhitaji kaboni, kama ile iliyomo katika sukari, ili ipate nguvu. Na huhitaji nitrojeni ili ijenge protini na kugawanyika. Kiwandani hukuzwa katika tangi lenye sukari nyingi na nitrojeni kidogo. Nitrojeni inapokwisha, seli haziwezi tena kuongezeka, ilhali chakula bado kipo tele. Hapo huanza kukigeuza kuwa akiba ya mafuta ndani yake, mfano wa mnyama anayenona kwa kulishwa bila kufanyishwa kazi. Kisha chachu huvunwa, seli zake hupasuliwa, na mafuta hutolewa, mara nyingi kwa kutumia kiyeyushi kama heksani ambacho sharti kiondolewe baadaye. Mafuta ya chachu nyingi hukaribiana kwa muundo na mafuta ya mimea, yakiwemo ya mawese.

Kwa nini mabaki hutumika

Sababu kuu ni gharama. Kwa kawaida kilo 1 ya mafuta huhitaji takriban kilo 5 za sukari. Kutumia sukari safi hufanya mafuta hayo kuwa ghali kuliko ya mawese au alizeti. Kwa hiyo watafiti waligeukia vyakula vya bei nafuu: molasi, yaani uji mweusi unaobaki baada ya fuwele za sukari kutengwa, maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, na glisirini ghafi inayotoka viwanda vya dizeli ya mimea, ambako kila kilo 100 za dizeli huambatana na takriban kilo 10 za glisirini.

Jambo hili lina manufaa kwa mazingira pia. Maji ya jibini yakimwagwa mtoni huwafanya vijidudu kuzaliana na kumaliza hewa ya oksijeni, na samaki wakafa. Yakilishwa chachu, hugeuka mali.

Wazo lenyewe si geni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilipopungukiwa na mafuta, wataalamu wake walijaribu kuyapata kwa njia hii.

Hatari inapoanzia

Mabaki ya kiwandani hayafanani. Molasi ni zao la miwa. Glisirini ghafi, kwa upande wake, huweza kuwa na chumvi, sabuni na methanoli, ambayo ikinywewa hupofusha na hata kuua. Chachu huweza kustawi katika chakula kisicho safi, lakini kustawi kwake si uthibitisho kwamba mafuta yake hayana uchafu. Uthibitisho hutokana na usafishaji na vipimo vya maabara.

Historia ina funzo juu ya hili. Katika miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda huko Sarroch, kisiwani Sardinia, ili kukuza chachu kwa mazao ya petroli, iwe chakula cha mifugo chenye protini. Mamlaka za afya za Italia zilihoji mabaki ambayo yangeweza kuingia katika nyama, na mradi ukaishia kuachwa. Kilichopingwa hapo ni kile ambacho chachu ililishwa.

Kila bidhaa na kazi yake

Mafuta ya chachu yaliyokusudiwa kuwa dizeli au sabuni hayalazimiki kufikia usafi wa mafuta ya kula. Kwa chakula, masharti ni makali zaidi. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilipobadili vinasaba vya Yarrowia ili itoe omega-3 aina ya EPA, iliikuza kwa sukari. Mafuta hayo yaliuzwa kama kirutubisho, na chachu yenyewe ikalishwa samaki aina ya salmoni waliofugwa Chile. Nao Umoja wa Ulaya, mwaka 2019, uliruhusu chachu ya Yarrowia iliyokaushwa na kuuawa kwa joto itumike katika virutubisho, kwa kiwango maalumu kwa siku. Ruhusa hiyo ni ya bidhaa hiyo tu. Haimpi muuzaji mwingine haki ya kuuza mafuta yoyote ya chachu kwa jina hilo.

Ushauri wetu kwa mlaji

1. Soma lebo hadi mwisho. Itaje jina la mtengenezaji, viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na kazi ya bidhaa. Mafuta ya kupaka yasitumike kupikia.

2. Hakikisha usajili. Nchini Tanzania, usajili wa chakula na vipodozi uko chini ya TBS tangu mwaka 2019. Nchini Kenya, tafuta alama ya KEBS.

3. Tilia shaka bei ya chini mno. Kwa kuwa uzalishaji wake ni wa gharama, mafuta ya kula yanayodaiwa kutoka kwa chachu na kuuzwa kwa bei ya chini kuliko ya alizeti yanahitaji maelezo.

4. Usinunue mafuta ya namna hii kwa kupimiwa kutoka kwenye dumu lisilo na lebo.

5. Usijaribu kuyazalisha nyumbani. Hamira ya dukani haitakupa mafuta, na glisirini ghafi si ya kuingia jikoni.

6. Tunza risiti na chupa. Ukidhurika au ukitilia shaka bidhaa, acha kuitumia, mwone mhudumu wa afya, kisha toa taarifa kwa mamlaka. Bila risiti wala chupa, ni vigumu kumfuatilia aliyekuuzia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini upungufu wa nitrojeni huifanya chachu iweke akiba ya mafuta?

2. Taja tofauti moja kati ya molasi na glisirini ghafi inayomhusu mlaji.

3. Muuzaji anakuambia: "Mafuta haya ni salama kwa sababu chachu imeruhusiwa Ulaya." Utamjibu nini?