Nataka kurudi Njombe, mke wangu hajui

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, ni mhasibu. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi watoto wamelala. Bosi ananipigia hadi Jumapili. Usingizi umenikimbia, nakasirika ovyo. Nataka kuacha kazi nikalime parachichi kwetu Njombe, nipumzike. Krismasi tulikwenda, nikaona maisha ndiyo yale. Mke wangu ni mwalimu wa serikali; bado sijamwambia. Nianzie wapi?
Mhasibu, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Anzia kwa mkeo, leo hii. Haya uliyoniandikia mimi, yeye ndiye aliyestahili kuyasikia kwanza. Uhamisho wa mwalimu huombwa na kusubiriwa, na huenda akanyimwa. Akinyimwa, mtaishi mbalimbali? Watoto watabaki na nani? Kibaya zaidi ni akizipata habari hizo kwa mama yako.

Halafu, hilo shamba ni la nani? Kama ni la mzee, kaa na ndugu zako kabla hujachimba hata shimo moja. Nimesoma barua nyingi za ndugu wasiosalimiana kwa sababu ya miti iliyopandwa kimya kimya.

Krismasi ulikuwa mgeni, kuku walichinjwa kwa ajili yako. Nenda Julai, baridi imeshika na mvua hakuna, umwagilie miche kwa ndoo. Sheria ya kazi inakupa siku 28 za likizo kila mwaka, na nyie wahasibu mna tabia ya kuzilimbikiza. Zichukue. Zima simu ya ofisi, siku za kwanza lala tu. Usingizi ukigoma hata huko, muone daktari. Hilo, parachichi haliliponyi.

Na kupumzika unakokutaja sikuoni. Mche wa Hass uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, mavuno ya maana huja baadaye, na mnunuzi hukataa tunda lenye doa. Katikati hapo kuna ada, kodi ya nyumba, na kila msiba kijijini utatazamwa wewe uliyetoka mjini. Hesabu hizo ndiyo kazi yako. Zipige kama unavyopiga za ofisi.

Sikukatazi kurudi kwenu. Nakukataza kuandika barua ya kuacha kazi ukiwa hujalala. Mkikubaliana nyumbani, panda ekari moja mwanzo wa mvua, Novemba au Desemba, mshahara ukiwa bado unaingia, na umlipe kijana wa pale pale akutunzie.